Nyamaza na Mkanda wa Baba Mkubwa

Mkanda wa feni ukilowa mvua hutoa harufu ya grisi, vumbi la barabarani na kitu kama nywele zilizoungua. Majuzi nilikuwa Tukuyu mjini, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka la vipuri nikisubiri mvua ipungue, harufu ile ikanifikia puani. Kijana mmoja alikuwa anachagua mkanda mkuukuu kwenye rundo, anaupinda, anaupiga kwenye kiganja kuupima uzito. Muuzaji akamuuliza ni wa gari gani.

Kijana akacheka. "Si wa gari. Kuna mbwa nataka kumnyoosha."

Sikumhubiria. Nilimuuliza muuzaji bei, nikalipa kabla kijana hajatoa mkono mfukoni, nikaondoka na ule mkanda mvuani. Nilipofika nyumbani niliutumbukiza kwenye shimo la choo. Najua rundo lile lina mikanda mingine. Najua pia kwamba mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto wawili na heshima zake, hapaswi kugombania bidhaa na vijana dukani. Lakini ninyi mliokulia Rungwe miaka yetu ile, wakati fimbo ilikuwa dawa ya mtoto, ya ng'ombe na ya mbwa, huenda mtanielewa nikiwasimulia.

Tulikuwa tunakaa Kawetele, baba, mama na mimi, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba pande zote, kiasi kwamba ukiwa barabarani ulikuwa unaona bati tu. Mama alikuwa mchumaji wa chai. Siku moja alirudi kutoka shambani na kapu lake, na chini ya kanga ndani ya kapu mlikuwa na mbwa jike mdogo wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, jingine limekunjika. Mama akampa jina la Nyamaza. Kwetu, jina la mbwa ni barua kwa majirani. Watu walikuwa wanasema sana kuhusu mama kwa sababu alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, na yeye, badala ya kujibizana nao, alikuwa akiwaona wamesimama njiani wanamtazama, anaita kwa sauti, "Nyamaza! We Nyamaza, hebu nyamaza huko!" Halafu anaingia ndani anacheka peke yake.

Nyamaza alilala jikoni, karibu na mafiga, juu ya maganda ya mahindi. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umeziba mpaka mlango wa zizi, nilikuwa natia miguu yangu chini ya tumbo lake kabla ya kuvaa viatu vya shule. Alinuka moshi na maziwa yaliyochacha. Nilikuwa na miaka tisa, na sikumbuki kama nilikuwa na rafiki mwingine.

Kisha akaja Baba Mkubwa. Asajile lilikuwa jina lake, kaka yake mkubwa baba yangu. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi Mbeya mjini kwa miaka mingi, kwenye maghala, na aliporudi akawa analala kwetu. Alikuja na koti refu la kijani, mabuti, na mkanda wa feni wa lori lililokuwa likibeba viazi kutoka Isongole. Ule mkanda aliuzungushia shingoni kama watu wengine wanavyovaa skafu. Kwa kuwa babu alishafariki, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na mama alimheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa kwetu, heshima ya zamani ambayo siku hizi mabinti wengi hawaijui. Akimwona anakuja njiani, mama aliingia kwenye migomba mpaka apite. Hakutamka jina lake. Hakuzungumza naye uso kwa uso; akipika, aliniambia mimi, "Tumpe, mwambie baba yako mkubwa chakula tayari," hata kama Baba Mkubwa alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale.

Wakati ule watu walikuwa wameanza kupanda parachichi za kisasa, zile zinazosafirishwa nje, na wezi nao walikuwa wameanza kuja na magunia. Unaamka asubuhi unakuta mti umebaki majani. Kila mtu alikuwa anatafuta mbwa mkali. Baba Mkubwa akamtazama Nyamaza wetu, aliyekuwa amelala chali anakunwa tumbo, akasema, "Huyu mkimwachia mtoto, ataharibika. Nipeni mimi."

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alikunywa chai yake.

Somo la kwanza lilifanyika nyuma ya zizi. Baba Mkubwa alimfunga Nyamaza kwenye mti kwa kamba ya katani, akasimama mbele yake, akasema, "Kaa!" Nyamaza akatikisa mkia, maana alizoea kwamba mtu akizungumza naye kuna kitu kizuri kinakuja. Mkanda ukamshukia mgongoni. Sijawahi kusikia sauti kama ile aliyoitoa, nyembamba, kama bawaba ya mlango. "Kaa!" Mkanda. "Kaa!" Mkanda. Mara ya nne alikaa, au miguu ilimwisha nguvu, sijui.

Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji. "Baba Mkubwa, amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Sasa mbona unampiga?"

"Ajue."

"Ajue nini?"

"Ajue tu," akasema, wala hakuwa na hasira. "Nenda kamsaidie mama yako."

Jibu lile lilinisumbua kwa siku nyingi. Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba mwenye kupigwa amekosa, na mimi mwenyewe kila nilipochapwa shuleni nilikuwa nikijichunguza na kulipata kosa langu. Kwa hiyo nikaona haiwezekani mtu mzima ampige mbwa bure. Lazima Nyamaza alikuwa na dhambi aliyoificha, Baba Mkubwa akaijua kwa ujuzi wake wa Mbeya, na akawa anamstahi kwa kutoitaja. Nikaanza kuitafuta. Nilitembea nyuma ya jiko, chini ya kihenge, kwenye shimo la takataka. Siku ya tatu nikakuta maganda ya mayai kwenye majani, nyuma ya banda la kuku.

Moyo wangu ulifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilifikiri nimepata njia ya kumwokoa. Akitubu wizi wa mayai, masomo yataisha. Nikakata kifimbo cha mpera, nikamwita Nyamaza, akaja mbio. Nikamwonyesha maganda, nikamuuliza kama wanavyouliza walimu, "Nani amefanya hivi?" Nikampiga. Alilala chini, akajikojolea, halafu akanyoosha ulimi kulamba mkono ulioshika fimbo. Nikampiga tena, kwa sababu hajajibu.

"We mtoto!" Sauti ilitoka upande wa pili wa uzio. Alikuwa Mama Bupe, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye ng'ombe watatu wa maziwa ambao walitoa maziwa kuliko wa mtu yeyote pale kijijini. Akapita kwenye upenyo wa uzio, akanipokonya kifimbo. "Amefanya nini?"

"Ameiba mayai."

"Mayai ya nani? Nguchiro amenimalizia na mimi mayai yangu wiki nzima. Nimemwona kwa macho yangu mawili, ana mkia mrefu hivi." Akamtazama Nyamaza pale chini kwenye mkojo wake, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atanigombeza, lakini alizungumza kama anayezungumza na mwenzake. "Mimi ng'ombe wangu simpigi. Si kwa huruma, usinielewe vibaya. Ukimpiga ng'ombe asubuhi, jioni anabana maziwa. Unakamua, hayashuki. Kila mnyama ana kitu chake cha kukunyima. Huyu wako atakunyima nini, sijui. Utaona."

Niliona kesho yake. Niliingia jikoni kutia miguu yangu chini ya tumbo lake. Nyamaza akainuka, akaenda kulala pembeni, nyuma ya kuni.

Tangu siku ile nikawa nakwenda kutazama kila somo, nikiwa nimesimama mbali. Baba Mkubwa alikuwa na mbinu yake. Aliupiga mkanda chini, pa, na Nyamaza, ambaye sasa alijua kitakachofuata, alipagawa kwa woga, akaruka akauma chochote kilichokuwa mbele yake. Mbele yake Baba Mkubwa aliweka gunia lililojazwa majani makavu ya migomba. Wanaume wakaja kutazama. Mkanda ukilia, mbwa anararua gunia, wao wanatikisa vichwa. "Huyo sasa ndiye mbwa," wakasema. Mimi niliyekuwa namjua nilikuwa natazama mguu wake wa nyuma, wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka hata baada ya gunia kuisha.

Siku moja sikuvumilia. Mkanda ulipoinuka nilikimbia nikamkumbatia shingoni. Baba Mkubwa hakuuzuia mkono. Mkanda ulinipata kwenye mashavu ya miguu yote miwili, ukazunguka mpaka mbele. Nilipoinua kichwa nilimwona baba amesimama mlangoni mwa zizi na jembe mkononi. Alikuwa ameona. Akatazama lile jembe, akarudi shambani.

Mama alinikanda kwa maji ya chumvi. Hakusema neno hata moja. Nilimuuliza kama inauma kunyamaza, akanikanda kwa nguvu zaidi.

Msiniulize kama nilikuwa nimewahi kusikia habari za msamaha. Nilizisikia kila Jumapili. Lakini pale, miguu ikiwa kwenye karai, niliamua kwamba mtu yule nitamlipa, na nitamlipa mbele ya watu, kwa kitu kile kile anachojivunia. Mtoto wa miaka tisa akiamua kitu ana muda wa kutosha wa kukifikiria.

Nafasi ilikuja yenyewe. Upande wa mke wake Baba Mkubwa kulikuwa na mashamba ya mpunga Kyela, na msimu wa kuvuna akaitwa kwenda kusimamia. Alikaa huko miezi miwili na zaidi. Aliondoka na koti na mabuti. Mkanda akauacha stoo, kwenye msumari. "Asiguse mtu," alisema.

Siku iliyofuata niliushusha. Nilienda naye Nyamaza chini kabisa, kwenye kijito, ambako migomba ilitukinga na macho ya watu. Mfukoni nilikuwa na usipa niliouchota kwenye kopo la mama, wale dagaa wadogo wanaopanda na magari kutoka Kyela, wamekauka, wananuka ziwa. Niliuweka mkanda chini, mbali, nikarudi nyuma. Nyamaza alipouona alitaka kukimbia. Nikamrushia usipa mmoja. Akautazama mkanda, akautazama usipa. Alikula huku jicho moja liko kwa adui.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya shule nilisogea hatua moja. Mkanda chini, usipa. Mkanda mkononi mwangu, usipa. Ilichukua siku nyingi kabla sijathubutu kuupiga chini, na nilipoupiga polepole, kama mtu anayekung'uta nguo, Nyamaza alitoweka kwenye migomba na hakuonekana mpaka jioni. Nikarudi nyuma kabisa, nikaanza upya. Hakuna aliyenifundisha haya. Nilikuwa nimekumbuka maneno ya Mama Bupe kwamba mnyama ana kitu cha kukunyima, na mimi nikataka amnyime Baba Mkubwa ule woga. Nilitaka kumwibia woga wote uliomo ndani ya ule mkanda, punje kwa punje, arudi akute mtupu.

Mwezi wa pili ulipokaribia kuisha, mkanda ulikuwa ukilia pa kwa nguvu zangu zote, na Nyamaza anatoka mbio kutoka alikokuwa, anakaa mbele yangu, mdomo wazi, sikio moja juu. Mguu wa nyuma ulikuwa umetulia. Usiku alirudi kulala karibu na mafiga. Mimi nilikuwa nimefurahi kwa sababu mbili, na sitawaficha kwamba sababu ya kulipiza ilikuwa kubwa kuliko ya mbwa.

Mama alisema usipa unaisha haraka siku hizi, labda ni paka. Hatukuwa na paka.

Baba Mkubwa alirudi Jumamosi jioni, na habari akazikuta njiani. Mnunuzi mmoja wa parachichi, mtu wa kutoka Njombe, alikuwa amejenga ghala karibu na barabara na alitaka mlinzi mwenye mbwa. Alikuwa anakuja kesho yake baada ya ibada. Baba akamshauri kaka yake amjaribu mbwa kwanza, maana miezi miwili ni mingi. Baba Mkubwa akatabasamu. "Mbwa niliyemnyoosha mimi hasahau."

Jumapili ile watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja na nguo zao nzuri, wakazunguka uwanja wa ghala. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na udongo mweusi ulikuwa unang'ang'ania viatu. Baba Mkubwa alivaa koti na mabuti. Mnunuzi alikuwa mtu mfupi, mpole, anasimama na mwavuli uliofungwa. Mama alikuwa upande wa wanawake, nyuma, kama ilivyompasa. Lile gunia la majani ya migomba likasimamishwa katikati. Baba Mkubwa akatoa hotuba fupi kuhusu nidhamu. Alisema mbwa bila mkanda ni mzigo wa chakula. Wanaume waliitikia.

Kisha akamwachia Nyamaza, akainua mkono. Pa!

"Nyamaza, kamata!"

Nyamaza alilipita gunia kama hakuliona. Alikuja mbio mpaka miguuni pa Baba Mkubwa, akakaa, akafungua mdomo.

Mtu mmoja akaguna. Baba Mkubwa akaupiga mkanda tena, kwa nguvu zaidi, tope likaruka. Nyamaza akabweka kwa furaha, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamwekea Baba Mkubwa miguu ya mbele kifuani, kwenye lile koti. Hapo watu walianza kucheka. Wanawake kwanza, halafu watoto, halafu hata wazee wa kanisa waliokuwa wamekazana kutokucheka. "Nyamaza, kamata!" akapiga kelele, na mtu nyuma akajibu, "Ashakukamata, mzee!"

Mimi nilikuwa nimelewa. Sijui neno jingine. Miaka yote sijaonja utamu kama ule. Nikapanda juu ya kreti tupu la parachichi, nikapaaza sauti yote niliyokuwa nayo, "Mpe usipa wake! Baba Mkubwa, mpe usipa!"

Uwanja mzima ukaripuka. "Mpe usipa! Mpe usipa!" Baba Mkubwa aligeuza kichwa taratibu akanitafuta, akaniona, na akaelewa kila kitu. Nilitaka aelewe. Nilimtazama usoni bila kushusha macho.

Kwa hiyo niliona vizuri kilichofuata. Alirudi hatua moja nyuma, akauinua mkanda, akampiga Nyamaza usoni.

Nilisubiri Nyamaza akimbie. Mbwa yeyote angekimbia. Hata yeye mwenyewe, miezi miwili nyuma, angekimbia mpaka ng'ambo ya mto. Lakini nilikuwa nimemfundisha kwamba sauti ile ni nzuri. Alianguka, akainuka, akakaa tena pale pale, mdomo wazi, damu inamtoka jichoni, anasubiri. Mkanda ukashuka mara ya pili. Akatikisa mkia, kidogo tu. Kama mtu aliyeona umekosea na anakupa nafasi ya kurekebisha.

"Kimbia!" nikalia. "Nyamaza, kimbia!" Hakulijua neno hilo. Sikuwahi kumfundisha.

Mkono ulikuwa unapanda mara ya tatu wakati wanawake walipogawanyika na mama akatoka kati yao. Hakukimbia. Alitembea katikati ya uwanja, kwenye tope, na viatu vyake vya kanisani, akasimama mbele ya Baba Mkubwa umbali ambao mke wa ndugu hasimami. Akamtazama machoni.

"Asajile," akasema. "Lete hapa."

Nilisikia mzee mmoja akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa amemtaja jina. Baba Mkubwa mwenyewe alishangaa kiasi kwamba vidole vililegea, na mama akauchukua mkanda mkononi mwake kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwa mtoto. Hakumpiga nao. Nilitamani ampige, natamani mpaka leo. Akainama, akavua kanga yake ya begani, akamfunga Nyamaza kichwa, akambeba.

Yule mnunuzi akafungua mwavuli wake ingawa mvua haikuwapo. "Kazi hii hapana, mzee," akasema kwa upole. "Mbwa amekuja kukusalimia, umempasua jicho. Na vijana wangu wa ghala utawafanyaje?"

Bwana mifugo alikuja jioni ile, akalitoa jicho. Mimi nilishika taa na sikuruhusiwa kulia. Mama aliniambia mambo mawili tu, akiwa anaosha kanga yenye damu: "Nilijua kuhusu usipa. Nilidhani unacheza." Halafu, akiikamua, "Ulimtuma mbwa apigane vita vyako." Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo. Hakuna lililonipata kama hilo.

Wiki iliyofuata wazee wa ukoo walikaa barazani kwetu. Baba Mkubwa alisema mwanamke aliyemtaja jina hadharani arudishwe kwao, au aje mbele yao na kuku na aombe radhi kwa magoti. Wazee waliona la pili linafaa. Wote wakamgeukia baba, ambaye kwa desturi yake alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini.

"Kuku nitatoa mimi," akasema. "Mle. Lakini mke wangu hapigi magoti, na kaka usilale hapa tena."

Alikuwa amechelewa, na nilimwambia hivyo nilipokuwa mtu mzima, akakubali.

Nyamaza aliishi miaka mingine mingi. Alikuwa akigeuza kichwa chote ili akuone. Kwa muda mrefu hakumkaribia mtu yeyote mwenye kitu mkononi, hata ufagio, hata kitabu, na akili yake haikujua tena sauti ipi ni ya chakula na ipi ni ya maumivu. Mlango ukibamizwa alikaa, akafungua mdomo, huku anatetemeka. Huo ulikuwa ufundi wetu sisi wawili, mimi na Baba Mkubwa. Sikumpa amri tena mpaka alipokufa. Akija, anakuja. Asipokuja, nilimfuata mimi.

Baba Mkubwa alihamia Matwebe. Alidhani ametoroka, lakini jina lilikuwa limemtangulia. Watoto walimwita Usipa. Akipita, wanapiga makofi pa, wanafungua midomo. Watu wakaja kusema jina lilisambaa lenyewe. Si kweli. Nilipoingia sekondari nilikutana na msichana wa Matwebe, tukalala bweni moja, na wiki ya kwanza tu nilimsimulia kisa kizima na kumwomba asimwambie mtu. Nilimchagua kwa sababu alikuwa na mdomo mwepesi.

Mara moja tu Baba Mkubwa alizungumza nami kuhusu jambo lile. Nilimkuta stendi ya Tukuyu, mzee sasa, anatembea na mkongojo. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono akakataa kuuachia. "Mwanangu," akasema, "yale ya mbwa. Mimi ndivyo nilivyofundishwa kazi. Na sisi walitupiga hivyo hivyo." Macho yalikuwa yamemlowa, labda kwa uzee. Nilijua anachoomba. Kilikuwa kitu kidogo, neno moja, na kulisema kusingenigharimu chochote.

"Gari langu linaondoka, Baba Mkubwa," nikasema. Nilikuwa nimefika stendi kumpokea mtu.

Alifariki mwaka huu, wakati wa baridi. Ukoo ukanipa mimi nisome wasifu wake makaburini, kwa kuwa nasoma vizuri na nina sauti. Karatasi aliiandika shangazi, kwa mkono. Nilisoma alikozaliwa, alikobatizwa, mke aliyemwoa, watoto, wajukuu. Nikafika kwenye mstari uliosema marehemu atakumbukwa kama mkufunzi hodari wa mbwa, aliyewapenda wanyama. Watu wazima pale walikuwa wananitazama. Baadhi yao walikuwa watoto pamoja nami siku ile kwenye uwanja wa ghala.

Niliuruka mstari. Nikasoma unaofuata, kuhusu ugonjwa.

Baada ya maziko shangazi alinifuata nyuma ya jiko la matanga. "Tumpe, kuna mahali umeruka."

"Ndiyo, shangazi."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Miaka yote hiyo, mwanangu? Na mtu ameshalala?"

"Miaka yote hiyo," nikamwambia. Nikachukua sahani, nikapanga foleni ya chakula nyuma ya wenzangu, nikala nikashiba.